Kinyozi na Sindano ya Shingo

Tarehe 6 Februari

Mpwa wangu Bi Picha,

Nakusalimu kutoka kiti cha kwanza, kile cha karibu na dirisha. Hakina mteja kwa sababu umeme umekatika na mashine zangu zimelala. Huku hatujambo. Mama yako ana kikohozi kidogo na maneno mengi, kwa hiyo ni mzima. Baba yako anakula vizuri, na juzi alicheka. Sijui alicheka nini maana hakusema, lakini alicheka kwa ule upande wake wote ambao kiharusi hakikuugusa.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu tumeshaijaribu mimi na wewe. Unanikatiza, nakukatiza, mwisho mama yako anainyakua na kukuuliza kama umekula. Kwenye karatasi angalau mtu anamaliza sentensi yake.

Sasa jambo lenyewe. Mkono wangu wa kulia unawaka moto. Maumivu yanaanzia shingoni, yanapita nyuma ya bega, yanashuka mpaka kidole gumba na cha shahada, na huko yanageuka ganzi. Lakini sikia kioja: nikiwa kazini siumwi. Nikiinua mkono juu ya kichwa cha mteja, maumivu yanakwisha. Nikiushusha yanarudi. Basi nimeamua kazi ndiyo dawa. Nafungua mapema, nafunga wa mwisho mtaa mzima, na nyumbani nakaa nimeweka mkono kichwani. Mke wangu anasema humu ndani hakuna msiba, niushushe.

Wateja wamenishauri sindano. Dereva mstaafu alichomwa nyuma ya shingo, anasema kesho yake alishika usukani. Mwalimu wa hesabu alichomwa ubavuni mwa shingo, anasema hiyo ya nyuma ni ya watu wasiosoma. Nimekaa katikati yao na mkasi mkononi, sijui nimwamini nani. Wewe unapiga picha za eksirei hospitalini, chumba kile kile wanachochomwa watu. Niandikie kwa lugha ya binadamu: zinatofautianaje, na ipi bora?

Dukani hakuna jipya. Ndevu zote siku hizi nimemwachia mwenzangu wa kiti cha pili. Yeye ana macho makali kuliko yangu.

Wako,
Mjomba Mkasi


Tarehe 21 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua imefika na unywele mmoja ndani ya bahasha. Sijui ni wa nani, nimeutupa.

Mimi mzima. Bado nakaa kile chumba cha juu ya duka la viatu, na harufu ya gundi nimeshaizoea. Kazini tumeletewa mashine mpya ya kuonyesha sindano ikiwa inatembea ndani ya mwili, na kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyesoma kitabu chake, kila mtu ananiita. Mwambie Mama nakula.

Nianze na kioja chako. Kati ya pingili na pingili za shingo kuna sahani laini. Sahani ikitokeza nje inabana mzizi wa neva, na neva hulia kule inakoishia. Ndiyo maana kosa liko shingoni na kelele ziko kwenye kidole gumba. Ukiinua mkono, neva inapata nafasi kidogo. Madaktari hutumia dalili hiyo hiyo kuutambua ugonjwa wako. Kwa hiyo kazi haikuponyi, Mjomba. Inakupumzisha mkono huku shingo umeiinamisha kutwa nzima. Punguza saa.

Dawa ni moja katika njia zote: steroidi, ya kutuliza uvimbe wa neva. Usihangaike, si ile ya wanyanyua vyuma, hutaota misuli. Tofauti ni mlango wa kuingilia. Njia ya nyuma, sindano inapita katikati ya mifupa miwili chini ya kisogo na kumwaga dawa nje kidogo ya ala ya uti wa mgongo, nayo inajitandaza yenyewe. Njia ya ubavuni, sindano inakwenda mpaka kwenye tundu ambamo neva yako inatokea, dawa inawekwa mlangoni pake. Ipo na ya tatu: daktari anaongozwa na altrasaundi badala ya eksirei, anaweka dawa kando ya neva ikishatoka nje. Altrasaundi inaonyesha mishipa ya damu vizuri, lakini nyuma ya mfupa haioni kitu.

Ipi bora? Kwa niliyoyasoma, na kwa wanaopita mbele yangu, wengi hupata nafuu kwa njia yoyote, na tofauti ni ndogo kuliko kelele za dereva na mwalimu. Wengine hupona taratibu bila sindano kabisa.

Sasa nijibu na wewe. Umemwona daktari? Sukari yako ikoje, maana dawa hii huipandisha? Na mkono unauma tu, au pia umepungua nguvu? Hilo la mwisho lijibu vizuri.

Mpwa wako


Tarehe 9 Machi

Bi Picha,

Marahaba. Unywele ni wa mwalimu wa hesabu, na alikuwa hana wa kupoteza.

Barua yako niliisoma dukani kwa sauti. Usinune, walikuwa wanaingoja kama matokeo ya mpira. Nilipofika kwenye tundu la neva mteja mmoja aliomba nirudie. Kisha tukapiga kura. Sindano ya nyuma imeshinda kwa mbali, altrasaundi imepata kura ya mama mmoja aliyemleta mwanawe kunyolewa, na mwalimu wa hesabu amepinga matokeo.

Daktari nimemwona. Nilikaa kwenye benchi asubuhi nzima na mkono wangu kichwani, nimestarehe. Kuitwa ndani, akaniuliza unaumwa wapi. Nikajipima, naona siumwi popote. Nikamwambia kwa sasa sijambo. Akanipa vidonge akaniita mwingine. Nilipofika getini, mkono umeshushwa, moto ukawaka upya, lakini hapo foleni ilikuwa imenimeza na kunitapika, sikuwa na moyo wa kurudi.

Sukari iko sawa, mama yako alinipima kwa kile kidude chake. Watu wote hapa wanakusalimu.

Swali langu ni moja tu. Umenieleza milango mitatu lakini hukuniambia wewe ungeingia upi. Ingekuwa ni shingo yako, ungechagua ipi? Wajuzi mkiulizwa mnakuwa kama wanasiasa, maneno mengi, jibu hakuna.

Mjomba


Tarehe 2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa, tulikuwa na wagonjwa wengi na mwenzangu wa zamu amejifungua. Mtoto wa kiume, mkubwa, analia kwa bidii. Hii barua usiisome dukani. Nakuomba kwa heshima zote, na heshima zikishindwa nitamwambia Mama.

Umemdanganya daktari bila kusema uongo. Rudi. Safari hii mkono ukae mapajani tangu unatoka nyumbani, hata ukiwaka.

Nikuongezee kuhusu njia ya ubavuni, maana mwalimu hakuwaambia. Jirani na tundu la neva hupita mishipa midogo inayopeleka damu kwenye uti wa mgongo na kwenye ubongo. Kuna steroidi ya maji matupu na kuna yenye chenga. Chenga zikiingia kwenye mshipa huo zinaweza kuuziba. Ni nadra sana, lakini likitokea si la kufuta kwa kitambaa. Ndiyo maana madaktari waangalifu hutumia ile ya maji, na kabla yake humwaga rangi ili sisi kwenye skrini tuone inakokwenda. Njia ya nyuma nayo si mteremko. Sindano inakaribia uti wa mgongo wenyewe, mtu akishtuka ni hatari, na wengine hupata kichwa kuuma siku kadhaa. Kila mlango una kizingiti chake, na anayejua upi unakufaa ni daktari aliye na picha ya shingo yako mbele yake.

Hukunijibu kuhusu nguvu. Funga kifungo cha shati kwa mkono wa kulia. Zungusha ufunguo. Nyosha mkono mbele uone kama kiganja kinaning'inia. Halafu niandikie ukweli.

Mpwa wako


Tarehe 7 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mwezi umepita sijapata jibu. Nilidhani ni posta. Kisha Mama akanitumia picha ya Baba ameketi barazani, ili nione shati alilomnunulia. Shati ni zuri. Baba ana ndevu.

Mjomba, Baba hajawahi kuwa na ndevu. Alipokuwa karani wa mahakama alikuwa akisema karani mwenye ndevu ni karani aliyechelewa kuamka. Tangu kiharusi kimchukue upande wa kulia, hajawahi kukubali mtu mwingine amguse uso isipokuwa wewe na wembe wako, kila Ijumaa, hata mvua inyeshe. Nikasoma tena barua yako ya kwanza. Ndevu zote umemwachia mwenzako kwa sababu ya macho? Mtu aliyejua unywele ulioingia kwenye bahasha ni wa mwalimu wa hesabu?

Mashine haihitaji vidole vyepesi. Mkasi unaweza kuulazimisha. Wembe ndio hausamehi. Umeacha wembe kwa sababu mkono umelegea, na hilo ndilo ninalokuuliza tangu Februari. Maumivu yanaweza kusubiri. Nguvu zikipungua hazisubiri sana, maana neva ikibanwa muda mrefu inaweza isirudi yote, na hapo sindano ya mlango wowote haitoshi, watazungumzia upasuaji.

Na mimi nikujibu la kwako. Uliniuliza ningechagua ipi, nikajaza karatasi habari za chenga. Ukweli ni kwamba naogopa. Kila sindano ya ubavuni ninayoiangalia kwenye skrini, namwona Baba asubuhi ile ya kiharusi, alipojaribu kuchukua kikombe na mkono haukwenda. Najua ni nadra. Najua daktari wetu ni mwangalifu. Lakini uso wa Baba unakuja kabla ya takwimu, na mtu anayeogopa hivyo hafai kumchagulia mwenzake. Ndiyo maana nilinyamaza.

Njoo huku. Nimekuombea nafasi.

Mpwa wako


Tarehe 19 Mei

Bi Picha,

Marahaba. Barua hii haina utani, usizoee.

Ilikuwa Ijumaa, kabla hata sijakuandikia mara ya kwanza. Povu nimeshampaka, shavu moja limekwisha, nimefika chini ya kidevu. Baba yako ameinua uso kama kawaida yake, macho ameyafumba. Wembe ukanitoka. Sikuuhisi ukitoka, ndilo jambo lililonitisha, nilisikia tu ukigonga beseni. Ungeweza kwenda pengine. Nilimalizia kwa mashine na kumwambia wembe umekuwa butu. Ijumaa iliyofuata nikamwambia nyembe zimeadimika. Iliyofuata nikamwambia ndevu zinampendeza. Hajasema kitu, unajua hasemi, lakini Ijumaa bado anakaa kwenye kile kiti na taulo begani.

Mwenzangu wa kiti cha pili alikwenda kujaribu. Baba yako aligeuza uso ukutani.

Kinyozi hajinyoi, ndiyo methali yetu, na mimi niliigeuza mto nikaulalia. Kiganja kinaning'inia. Kifungo kinanishinda. Nimetafuta mtu wa kuniambia kuna sindano itakayonirudishia wembe, ndiyo maana nilikuwa nauliza ipi bora, ipi bora. Sikutaka kuulizwa mimi.

Nakuja na basi la tarehe mbili.

Mjomba


Tarehe 1 Julai

Bi Picha,

Nimefika nyumbani salama. Mama yako amenihoji kama polisi, na nimemwambia yote, pamoja na la wembe. Akanipakulia chakula kingi kuliko kawaida. Sijui ndiyo msamaha au ndiyo adhabu.

Dukani wamenitaka niwasimulie, nikasimulia hivi. Daktari alinijaribu nguvu kidole kwa kidole, akapiga picha kubwa ya shingo, akatuonyesha sahani iliyotokeza. Akasema ya ubavuni kwangu haipendi, kwa sababu mshipa wa damu umepita karibu mno na tundu, na nyuma nafasi ipo. Dereva mstaafu akashangilia. Nikamwambia asishangilie, maana daktari alisema shingo yako wewe dereva ingeweza kuwa kinyume chake. Kura zimefutwa.

Ambalo sikuwasimulia ni hili. Nilipolala kifudifudi, uso kwenye lile tundu la kitanda, naona sakafu tu na viatu vyako, nikaanza kutetemeka. Miaka yote nimewashika watu vichwa na kuwaambia tulia, sikujua ni kazi kubwa kiasi gani kutulia. Ndipo nikasikia sauti yako: "Usitikise kichwa, Mjomba. Ukitulia tunamaliza upesi." Ni maneno yangu hayo, neno kwa neno. Wewe ulikuwa mtoto mkorofi kuliko wote waliowahi kukaa kwenye kile kiti, na sikujua kama uliwahi kunisikia hata mara moja. Nikatulia.

Na daktari alinirudia mara mbili, ili nisisahau: dawa ni ya maumivu. Nguvu atazileta nani? Neva yenyewe, polepole, na mazoezi. Zikizidi kushuka, nirudi haraka kwa upasuaji.

Mjomba


Tarehe 18 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwa Mama kwamba unalala na mkono pembeni yako kama watu wengine. Mwambie mkazamjomba pole kwa miezi yote ya kulala na mtu aliyefiwa.

Daktari anauliza na mimi nauliza. Maumivu najua yamepungua. Nguvu je? Usiniambie sijambo. Niambie kifungo, ufunguo, kiganja.

Nimepewa likizo mwezi wa kumi. Sijaamua niende wapi.

Mpwa wako


Tarehe 5 Septemba

Bi Picha,

Marahaba. Kifungo nafunga. Ufunguo unazunguka. Kiganja hakining'inii tena, kinasita kidogo tu, kama mteja mgeni mlangoni. Daktari wa huku amenipima kwa kunipa mikono yake niikamue, akasema nguvu zinapanda, upasuaji hatuufikirii kwa sasa. Maumivu nimebakiza kidogo ya asubuhi. Nafunga duka jua likiwa bado lipo, na nimeinua viti vyote ili nisiinamishe shingo. Wateja wafupi wanalalamika miguu inaning'inia.

Sasa wembe. Sisi vinyozi tunajifunza kwa puto. Unalipuliza, unalipaka povu, unalinyoa. Likipasuka, ujue ungemkata mtu. Wiki iliyopita nilifunga mlango wa duka nikajaribu. La kwanza likapasuka. La pili nililinyoa nusu nzima, nikaanza kuamini, likapasuka. Kidole gumba bado hakiusikii wembe. Daktari anasema ganzi huwa ya mwisho kuondoka, na wakati mwingine haiondoki. Nilikaa chini nikalia kidogo, nakuandikia hivyo hivyo ilivyokuwa. Kisha nikafagia.

Ijumaa nilikwenda kwa baba yako nikamwambia ukweli. Nikamwambia shemeji, nyembe zipo, hazijawahi kuadimika. Mkono wangu ndio umeadimika, na siwezi kuuleta shingoni kwako ukiwa hivi. Nikamtajia mwenzangu wa kiti cha pili, akageuza uso ukutani. Nikamtajia mama yako, akafumba macho, na mama yako mwenyewe akasema asante, hapana. Nikasema basi yuko mtu mmoja anayejua kutuliza mkono, kazi yake ni kuiangalia sindano ikienda kwenye shingo za watu bila kupepesa, na nimemfundisha mimi kutulia ingawa ilichukua miaka. Nikamtaja Bi Picha.

Akainua kidevu, Mpwa wangu. Vile vile anavyoinua nikishika wembe.

Kwa hiyo likizo yako nimeshaiamulia. Nimekununulia maputo pakiti nzima, utaanza nayo hapa dukani, kiti cha kwanza, na wateja wote watakupigia kelele. Siku ukinyoa matatu mfululizo bila kupasua, tutakwenda kwake. Wewe utashika wembe. Mimi nitashika kichwa, hilo mikono yangu yote miwili bado inaliweza, na maji ya moto nitachemsha mimi.

Mjomba